Kompyuta Inaposema Haioni Diski: Somo kwa Kamati za Parokia



Somo la toleo hili linahusu kazi ambayo kamati nyingi humwachia fundi peke yake, nayo ni kusimika mfumo endeshi katika kompyuta. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoziongoza nyingine zote, kama vile Windows au Linux. Mafundi wa mitaani husema "kupiga Windows". Kazi yenyewe huweza kumalizika kwa saa moja au mbili. Hata hivyo, ndiyo kazi inayoweza kufuta rejesta ya ubatizo na ndoa ya miaka mingi, au hesabu zote za kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kubonyeza kitufe mara moja tu.

Kwa nini tumelichagua somo hili? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Windows 11 iliyoufuata inadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64 au zaidi, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazitimizi masharti hayo, ingawa bado ni nzima. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za parokia, shule na zahanati zimelazimika kuchagua: kununua kompyuta mpya, au kuisimika Linux katika zile za zamani.

Wakati wa kazi hiyo ndipo skrini huandika "No bootable device", yaani hakuna kifaa cha kuanzia, au "We couldn't find any drives", yaani hatukuona diski yoyote. Mara nyingi kompyuta ya namna hiyo hutangazwa kuwa imekufa, huwekwa stoo, na barua ya kuomba nyingine huandikwa. Wakati mwingine mambo huwa mabaya zaidi: diski hufutwa kwa haraka ili kazi iendelee.

Basi neno kuu la somo hili ni hili: kompyuta kusema haioni diski si cheti cha kifo, na kufuta diski si uamuzi wa fundi bali ni uamuzi wa kamati. Ili kamati iweze kuamua vema, inafaa ielewe jinsi kompyuta inavyowaka na maswali matano ya kumwuliza fundi, kwa mpangilio wake.

KOMPYUTA HUWAKAJE?

Unapobonyeza swichi, mfumo endeshi bado umelala ndani ya diski. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyomo katika chipu ya ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Programu hiyo ikiwa ya aina ya zamani huitwa BIOS, nayo ilianza na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Aina ya kisasa huitwa UEFI, na umoja wa makampuni yanayoisimamia uliundwa mwaka 2005. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kutafuta wa kumkabidhi zamu.

Hapa njia mbili zinaachana, na ni muhimu kuzielewa.

BIOS husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu. Humo mna programu fupi ya kuanzisha, pamoja na ramani ya diski iitwayo MBR. Ramani hiyo huonyesha diski imegawanywaje. Ina nafasi ya vigawanyo vikuu 4, na katika diski za kawaida haiwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 hivi.

UEFI yenyewe hutafuta kigawanyo kidogo maalum, na ndani yake faili la kuanzisha ambalo jina lake huishia na herufi efi. Ramani inayokwenda na njia hii huitwa GPT. Kwa kawaida ina nafasi ya vigawanyo 128, na huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski ili ya kwanza ikiharibika isiwe hasara.

Tufananishe na karani mpya anayefika ofisini asubuhi. Mmoja amefundishwa kufungua ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwingine amefundishwa kwenda kwenye kabati fulani kutafuta faili fulani. Ukimpa wa kwanza kabati, au wa pili daftari, atasema hakuna kazi, kumbe kazi ipo mezani.

SWALI LA KWANZA: NAKALA IKO WAPI?

Swali hili hutangulia bisibisi na flashi. Watu wengi hudhani Windows ikikataa kuwaka basi mafaili nayo yamepotea. Sivyo. Mfumo endeshi na mafaili ya ofisi hukaa katika diski moja, lakini uharibifu wa mmoja si lazima uwe uharibifu wa mengine.

Njia nyepesi ya kuokoa mafaili ni kuiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux. Ubuntu na Linux Mint zote mbili huruhusu kujaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusimikwa na bila kugusa diski. Ukishafika hapo, fungua diski ya zamani na unakili mafaili katika diski ya nje. Kisha fungua baadhi ya nakala hizo katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa na mtu yeyote bado ni tumaini tu. Tunashauri ziwe nakala mbili, na moja isikae katika jengo lile lile.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa.

La kwanza ni kufuli la BitLocker. Hii ni njia ya Windows ya kuisimba diski ili asiyekuwa na ufunguo asisome kitu. Tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya hujifunga hivyo zenyewe zinapoandaliwa kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuokolea una tarakimu 48, nao huhifadhiwa katika akaunti ya yule aliyeiandaa kompyuta siku ya kwanza. Huenda ni katibu aliyehamia parokia nyingine. Mtafuteni kabla hamjabadilisha chochote katika UEFI, maana mabadiliko madogo tu huko yanaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo huo. Bila ufunguo, hakuna fundi atakayezisoma rejesta zenu.

La pili ni sauti. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga au kukwaruza, izimeni. Msiiendeshee programu ya kurekebisha, wala msiiwashe na kuizima mara kwa mara kujaribu bahati. Fundi mwenye ujuzi anaweza kutumia programu ya bure iitwayo GNU ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu nzima za diski, halafu ndiyo hurudi kuhangaika na zile mbovu. Na kama hata hiyo inashindikana, ni afadhali diski ipumzike kuliko kuendelea kuikwaruza.

SWALI LA PILI: JE, KOMPYUTA YENYEWE INAIONA DISKI?

Usiulize Windows wala Linux. Uliza ubao mkuu. Unapowasha, bonyeza mara kadhaa kitufe cha kuingia kwenye mipangilio. Kwa kompyuta nyingi ni F2 au Delete, kwa HP ni F10, kwa ThinkPad nyingi ni F1. Humo mna orodha ya diski zilizoonekana. Jibu litakuwa moja kati ya mawili.

Diski haimo katika orodha. Basi tatizo ni la vifaa. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua. Diski ya kompyuta ya mezani ina waya mbili, mmoja wa data na mwingine wa umeme. Safari ya lori au boti inatosha kuulegeza mmojawapo. Uchomoe na kuurudisha, kisha jaribu waya mwingine na tundu jingine. Diski ndogo bapa za aina ya M.2 zina jambo lake: kwa umbo zinafanana, lakini zipo zinazotumia njia ya SATA na zipo zinazotumia NVMe, na matundu mengine hupokea aina moja tu. Diski mpya inayoingia vizuri lakini haionekani si lazima iwe mbovu. Huenda imenunuliwa isiyofaa kwa tundu lile.

Diski imo katika orodha, lakini programu ya kusimika haiioni. Basi tatizo liko katika namna ubao unavyoongea na diski. Katika mipangilio tafuta maneno AHCI, RAID, RST au VMD. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye RAID au VMD, na programu ya kusimika huweza kukosa programu kiendeshi ya kuielewa njia hiyo. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupata kiendeshi hicho kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, kukiweka kwenye flashi, na kubonyeza "Load driver" pale Windows inapokiomba. Ya pili ni kubadilisha mpangilio uwe AHCI. Kwa Linux, dawa ya pili ndiyo inayotumika zaidi.

Lakini tahadhari! Kama diski ina Windows mnayotaka kuendelea nayo, kubadilisha mpangilio huu ghafla huweza kuleta skrini ya buluu yenye maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Rudisheni ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo kila mpangilio upigwe picha kwa simu kabla haujaguswa. Na kama kompyuta ina diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ya kweli, msibadilishe kitu kabla ya kuwa na nakala.

Tuchukue mfano mmoja unaoonyesha uzito wa jambo hili. Kompyuta ya mezani imekaa stoo mwaka mzima. Inatolewa, inawashwa, tarehe yake inaonyesha miaka mingi iliyopita, kisha skrini ya buluu inatokea. Mtu wa haraka atasema diski imekufa au Windows imeharibika. Ataifuta na kupiga Windows upya, kompyuta itawaka, naye atashukuriwa. Rejesta zilizokuwemo hazitarudi. Mtu wa maswali ataitazama ile tarehe kwanza. Juu ya ubao mkuu kuna betri ya duara mfano wa sarafu, aina ya CR2032, ya volti 3. Ikiisha nguvu, saa husahau tarehe na mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Windows ilisimikwa chini ya AHCI, sasa ubao umerudi kwenye RAID. Atabadilisha betri, ataweka tarehe, atarudisha AHCI, na Windows itawaka na kila kitu chake. Mafundi wote wawili wameiwasha kompyuta. Mmoja tu ndiye aliyeiokoa ofisi.

SWALI LA TATU: DISKI IKO NA AFYA?

Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na kumbukumbu hizo huitwa SMART. Katika Windows zinasomwa kwa programu ya bure CrystalDiskInfo, na katika Ubuntu zinasomwa kwa programu iitwayo Disks. Jambo la kutazama ni idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu, na zile zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiongezeka kutoka wiki hadi wiki, diski hiyo inakwisha. Nakili, kisha iondoeni kazini hata kama leo bado inafanya kazi. Kusimika mfumo mpya katika diski inayokwisha ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Mkiamua kununua diski mpya, chagueni SSD, yaani isiyo na sehemu ya kuzunguka. Haivunjiki kirahisi ikitikiswa, na huipa kompyuta ya zamani wepesi ambao wengi hudhani ni wa kompyuta mpya. Lakini jihadharini na bidhaa bandia. Zipo flashi na diski zilizoandikwa ukubwa mkubwa, na hata kompyuta hudanganyika kuuona ukubwa huo, kumbe ndani ni ndogo. Ukijaza zaidi ya uwezo wake wa kweli, mafaili huharibika kimya kimya. Programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hujaza kifaa chote na kusoma tena kilichoandikwa. Kila kifaa kipya cha kuhifadhia nakala kipitishwe kwenye jaribio hilo kabla ya kukabidhiwa rejesta, kwa maana jaribio hilo husaka ukweli usioandikwa kwenye boksi.

Pia tusiisingizie diski makosa ya wengine. Usimikaji unaokatika kila mara mahali tofauti unaweza kutokana na kumbukumbu mbovu, na Memtest86+ ndiyo programu ya kuipima. Unaweza kutokana na faili lililopakuliwa nusu kwa sababu ya intaneti dhaifu. Watoaji wa Ubuntu na Mint huchapisha alama ya SHA-256 ya kila faili. Fundi alinganishe alama hiyo na ya faili lake, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, apakue upya. Mwisho ni umeme. Kazi hii isifanywe bila kifaa cha kuhifadhi umeme, au ifanywe kwa kompyuta mpakato yenye betri nzima.

SWALI LA NNE: RAMANI INAPATANA NA MLANGO?

Sasa turudi kwa yule karani. Diski inaonekana, ni nzima, lakini Windows inaandika kwamba haiwezi kusimikwa kwa kuwa diski ina ramani ya MBR, au kinyume chake, kwa kuwa ina GPT. Hapa hakuna kilichoharibika. Maana yake ni kwamba flashi imewashwa kwa njia moja na diski imepangwa kwa njia nyingine.

Kabla ya kufuta chochote, zima na uiwashe tena ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Mara nyingi flashi ile ile itaonekana mara mbili, moja ikitanguliwa na neno UEFI. Chagua inayolingana na ramani ya diski, na huenda tatizo likaishia hapo.

Kama diski haina kitu cha kutunzwa na kompyuta inakubali UEFI, ni vema kuondoa vigawanyo vyote na kuiacha programu ya kusimika ipange GPT mpya. Kama ina Windows 10 ya kutunzwa, tangu mwaka 2017 Windows hiyo ina kifaa kiitwacho MBR2GPT kinachobadilisha ramani bila kufuta mafaili. Hata hivyo nakala ni lazima iwepo. Kama kompyuta ni ya zamani na ina BIOS tu, iacheni na MBR yake.

Flashi nayo ina masharti. Iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo isiwe ile ya mhasibu. Kwa kawaida haitoshi kunakili faili la ISO kwenye flashi kama mnavyonakili barua. Linahitaji programu ya kuliandaa, kwa mfano Rufus, ambayo itauliza kama diski ni ya MBR au GPT. Sababu nyingine ya kutumia programu ya namna hii ni kwamba UEFI husoma flashi ya FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, ilhali Windows za sasa huweza kuwa na faili linalozidi hapo. Rufus ina njia ya kulivuka hilo.

Skrini ikitaja "Secure Boot", huo ni ulinzi unaokataa programu ya kuanzisha isiyo na saini inayotambuliwa. Ubuntu na Linux Mint zina saini hiyo. Msikimbilie kuuzima ulinzi huo kabla ya kuhakikisha kwamba flashi imeandaliwa sawasawa.

SWALI LA TANO: NANI ANAITWA KWANZA?

Usimikaji umekwisha, kompyuta inajizima na kujiwasha, na tazama, inaanza kusimika upya! Au inasema hakuna kifaa cha kuanzia. Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote, na ndilo linalowavunja moyo wengi.

Kwanza, chomoeni flashi. Ikibaki, nayo ndiyo ya kwanza katika orodha, itaitwa kila mara. Pili, ingieni kwenye mipangilio mtazame mpangilio wa kuanza. Katika UEFI anayeitwa ni jina la mfumo, kwa mfano "Windows Boot Manager" au "ubuntu", si jina la diski tu. Liwekeni la kwanza. Tatu, kama kompyuta ina diski mbili, huenda mfumo umekaa katika moja na faili la kuanzisha limewekwa katika nyingine. Siku ile ya pili ikitolewa, kompyuta haitawaka. Kinga ni rahisi: wakati wa kusimika, diski isiyohusika ichomolewe. Hiyo ni kinga pia ya kutofuta diski isiyokusudiwa.

Maneno "grub rescue" huonekana pale kianzishi cha Linux kisipoyaona mafaili yake, kwa kawaida baada ya mtu kufuta au kubadilisha vigawanyo. Si lazima kusimika upya. Kwa Linux ipo programu iitwayo Boot-Repair. Kwa Windows, washeni kwa flashi ya kusimikia, halafu chagueni "Repair your computer" badala ya kusimika. Na kama ramani yenyewe ya vigawanyo imefutwa, programu ya bure TestDisk huweza kuitafuta na kuirudisha, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba baada ya kosa lolote, mikono iondoke kwenye kibodi kwanza.

WAJIBU WA KAMATI

Hatutegemei kila mjumbe awe fundi. Tunategemea kila kamati iwe wakili mwema wa mali na kumbukumbu za watu. Tunapendekeza mambo manne.

1. Daftari la kompyuta. Kila kompyuta iandikiwe aina yake, aina ya diski, ni BIOS au UEFI, ni AHCI au RAID, na tarehe betri ya ubao ilipobadilishwa. Ukurasa mmoja unatosha.

2. Karatasi ya ruhusa ya kufuta. Diski yoyote isifutwe kabla katibu na mhasibu hawajafungua nakala kwa macho yao, wakaridhika, na kutia sahihi. Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa karatasi hiyo inamlinda na yeye.

3. Bahasha ya funguo. Nywila za BIOS na funguo za BitLocker ziandikwe, zifungwe katika bahasha, na zikae kwenye kabati la chuma la ofisi. Zisikae katika simu ya mtu mmoja.

4. Diski ya zamani irudi. Ikibadilishwa, isibaki kwa fundi wala isitupwe jalalani. Ina majina ya wagonjwa, wakopaji na watoto. Ifutwe vizuri au ivunjwe mbele ya mashahidi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba kwa unyenyekevu. Mnapotuma kompyuta iliyotumika, ondoeni nywila ya BIOS na kufuli la usimamizi la kampuni iliyokuwa nayo, kwa maana kompyuta iliyofungwa hivyo ni vigumu mno kufunguliwa huku. Futeni data zenu. Wekeni betri mpya ya CR2032, na msitoe diski pamoja na fremu na skrubu zake bila kutujulisha, maana fremu ya aina ile huenda isipatikane dukani. Na mnapopokea barua ya kuomba kompyuta mpya kwa sababu "diski imekufa", tuulizeni maswali haya matano. Hatutaona kwamba mnatupima. Fedha itakayobaki baada ya kununua betri au SSD moja bado inaweza kufanya kazi nyingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kompyuta ya ofisi yetu ikikataa kuwaka kesho asubuhi, ni kumbukumbu zipi tutakuwa tumezipoteza? Nakala ya mwisho ilifunguliwa lini, na nani?

2. Ni nani anayejua nywila na funguo za kompyuta zetu? Akihama, tutazipataje?

3. Katika stoo yetu kuna kompyuta ngapi zilizotangazwa kuwa zimekufa? Je, kuna iliyoulizwa maswali yote matano kabla ya kupelekwa huko?

4. Nani katika parokia yetu, hasa miongoni mwa vijana, anaweza kufundishwa kazi hii na kuwafundisha wengine?

Tunashauri swali la tatu lisijibiwe mezani. Nendeni stoo pamoja na fundi, mkiwa na bisibisi, betri mpya na flashi ya Linux. Kisha tuandikieni mliyoyakuta, ili parokia nyingine zijifunze kutoka kwenu.